Kopo la Singo la Tarehe Mbili

Taveta
Jumamosi, 20 Septemba 2025

Wifi yangu Ruweida,

Nakusalimu wewe na watoto. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu Rayhana anaishika kutwa, na kwa sababu wewe hupokei. Tangu Jumamosi iliyopita nimepiga mara sita. Mara sita umekata na kuniandikia kwamba uko na wateja. Duka la vitambaa halina wateja baada ya Isha, wifi.

Jana kaka Fawaz alinipigia yeye. Hakunisalimu. Alisema, "Salme, umempaka nini mke wangu?" Nikadhani ni mzaha wake. Akasema mdomo wako umelegea upande wa kushoto, chai inakumwagikia kifuani, maneno yanakuteleza, na kwamba yote yalikuja baada ya kusingwa kwa singo niliyokutumia mimi.

Unajua kwamba mimi huandika. Kila kopo linalotoka hapa lina tarehe yake katika daftari langu la siku, na nimelifungua. Lako nililisaga Jumanne tarehe 2: liwa, maua ya waridi makavu, mrehani, karafuu chache, manjano kidogo, marashi ya kuchanganyia. Lilifika Voi Alhamisi tarehe 4. Jumamosi tarehe 6 alasiri ulisingwa mwili mzima, uso ukiwemo, hapo kwako Kaloleni, na aliyekusugua ni Mama Miraj, ili kaka akirudi kutoka Doha Jumatatu akukute unanukia. Hayo uliniambia mwenyewe kwa furaha. Baada ya hapo kimya.

Nataka uniambie. Kulikuwa na upele? Malengelenge? Uliwashwa? Na ni siku gani hasa uliyoona mdomo umekataa?

Miaka kumi na minne nasaga singo na kuwasinga mabibi harusi wa watu. Ijumaa ya tarehe 7 Novemba naanza siku saba za kumsinga binti yangu mwenyewe, kabla Rayhana hajaolewa na Miraj. Mama mkwe wake ni huyo huyo aliyekusugua wewe. Unaona jinsi jambo hili lilivyokaa. Nijibu upesi.

Wifi yako,
Salme

*

Voi, Kaloleni
Jumatano, 24 Septemba 2025

Da Salme,

Barua yako nimeipokea pamoja na maembe makavu, asante. Usinione mwenye kiburi kwa kukata simu. Siwezi kuongea. Nikisema neno linalotaka midomo ifunge linatoka limelowa, na mate yananishuka bila mimi kujua. Siwezi kunywa soda kwa mrija. Siwezi kupuliza jiko. Nikitafuna, wali unabaki upande wa shavu kama mtoto anayeficha chakula. Mwanangu mdogo ananiigiza, anavuta mdomo wake kwa kidole: "Mama anaongea hivi." Dukani navaa barakoa, nawaambia watu nina mafua.

Umeuliza tarehe. Ilianza Jumatano tarehe 10, kaka yako ana siku mbili tu nyumbani. Nilicheka jambo alilosema, akanitazama, akaacha kucheka. Nikaenda kwenye kioo.

Upele sikuona. Kuwashwa sikumbuki vizuri. Lakini sijui vitu vya kusagwa kama unavyovijua wewe. Labda lile liwa lilikuwa la zamani. Labda kuna mdudu aliyeingia. Sikulaumu, Da Salme. Nasema tu kilichotangulia na kilichofuata, na kaka yako amejihesabia mwenyewe.

Mwambie Rayhana namwombea.

Ruweida

*

Taveta
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Wifi Ruweida,

Barua yako nimeisoma na daftari likiwa pembeni.

Kusaga kwa tarehe 2 kulitoa makopo kumi na moja. Lako moja. Manne yalikwenda kwa bibi harusi wa Chala, matatu Mwatate, mawili yako hapa kwangu, na moja nilijipaka mimi baada ya simu ya kaka, usoni na midomoni, siku tatu mfululizo. Mdomo wangu uko pale pale ulipokuwa. Nimewapigia wa Chala na wa Mwatate mmoja mmoja. Bibi harusi wa Chala aliniuliza kama nina wazimu.

Kisha nikamwita Mable. Humjui. Ni muuguzi, mtu wa Wundanyi, amepanga nyumba ya pili kutoka kwetu. Nilimweleza bila kukutaja jina. Akaniambia, "Mama Rayhana, kitu cha kupakwa kikikosea, ngozi ndiyo inayolia kwanza. Mdomo uliolegea na ngozi safi, hapo si ngozi, ni msuli. Huyo mtu apelekwe hospitali leo asije kuwa amepigwa na kiharusi. Na aulizwe kama amedungwa kitu."

Nilimwambia wewe ni mtu wa dukani, udungwe nini.

Nenda hospitali, wifi, hilo nakuomba kwanza kabla ya mengine. Halafu niandikie yote uliyofanya Jumamosi ile tangu asubuhi. Ulikula wapi, ulijipaka nini kingine, ulipita wapi. Usiruke.

Salme

*

Voi
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Da Salme,

Hospitali nimekwenda, kaka yako alinipeleka mwenyewe na akakaa nami chumbani. Si kiharusi. Mikono ina nguvu, macho yanafumba, shinikizo la damu ni zuri. Daktari ameandika nirudi baada ya mwezi.

Hayo mengine uliyoniuliza sitayajibu. Unaniandikia kama askari wa kituoni. Jumamosi asubuhi nilikuwa na shughuli zangu za mwanamke anayemngoja mumewe, na alasiri nilikaa mkekani nikasuguliwa singo yako. Sasa mimi ndiye niliyeumia, na mimi ndiye ninayehojiwa?

Mama Miraj ameuliza mwenyewe kilichonipata. Alinikuta nakunywa maji bila barakoa. Sikusema neno dhidi yako. Fawaz ndiye aliyemjibu.

Ruweida

*

Taveta
Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Ruweida,

Wiki tatu sikuandika kwa sababu nilikuwa napokea wageni. Nakutajia wawili.

Wa kwanza ni mama wa Mwatate. Alikuja kurudisha makopo matatu, hata hayajafunguliwa. Aliyaweka mlangoni kama mtu anayerudisha paka mgonjwa. Wa pili ni Mama Miraj, jana, na khanga mpya mkononi ili maneno yateremke. Alisema, "Dada Salme, usinielewe vibaya. Kwa Rayhana tumepata msingaji kutoka Mombasa, anakuja na singo yake. Wewe pumzika, wewe ni mama wa bibi harusi." Nikamuuliza nani aliyemwambia singo yangu inapinda midomo. Akasema, "Mume wa mwenye mdomo kasema, na mwenye mdomo alikuwa amekaa hapo hapo, hakukanusha."

Kwa hiyo mtoto niliyemzaa atasuguliwa na mtu asiyemjua, mimi nikiwa jikoni napanga sahani. Wanawake wote wa Taveta na Voi watajua sababu.

Sasa nikwambie ninachofikiri, maana wewe umeniachia nifikiri peke yangu. Mdogo wako aliwahi kutajwa kwa Miraj kabla ya Rayhana. Nimelikumbuka hilo. Nimekumbuka pia kwamba Jumamosi ya tarehe 6, saa saba kasoro, uliniandikia ujumbe: "Niko saluni, natoka sasa hivi." Nimeuona jana, bado umo katika simu yangu; siku ile nilikuwa nakuulizia kama kopo limefika salama. Saluni ya nini siku ya kusingwa? Nywele ulikuwa umeshasuka Alhamisi, ulinitumia picha.

Na Rayhana naye amenichosha. Anataka aje Voi Alhamisi tarehe 6, siku moja kabla ya kusingwa, kwa yule Evelyn wa Nairobi anayekuja saluni hiyo yenu mara moja kwa mwezi. Anasema atamtengenezea "tabasamu la bibi harusi". Nimemuuliza ni rangi ya mdomo au ni nini, anacheka: "Mama, wewe kaa na karafuu zako." Nimemruhusu. Sina nguvu ya kugombana na watu wawili.

Kama una neno la kuniambia, hii ndiyo karatasi yangu ya mwisho.

Salme

*

Voi
Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Da Salme,

Usimruhusu Rayhana. Hata ukiichana barua hii ukiwa umefika hapa, umeshasoma la maana. Asiende kwa Evelyn.

Jumamosi ya tarehe 6 nilitoka nyumbani saa tano kasoro. Saluni ina chumba cha nyuma chenye pazia. Evelyn ana koti jeupe. Kama ni daktari sijui, sikumuuliza, nilitazama koti. Alinionyesha picha za wanawake kwenye simu, kabla na baada. Akaniambia nicheke, akaweka alama kwa kalamu. Akanidunga sindano nne ndogo, mbili pembeni mwa pua, mbili juu ya mdomo. Dawa ya kulegeza misuli, ili mdomo wa juu usipande sana nikicheka. Kichupa hakunionyesha. Aliniambia itakaa miezi mitatu, kisha itaisha.

Akaniambia na hili, Da Salme, nalikumbuka neno kwa neno: "Leo na kesho usisugue uso, usilale kifudifudi, dawa isije ikahama."

Nilifika nyumbani saa nane. Mkeka umetandikwa. Kopo lako liko wazi, nyumba nzima inanukia. Mama Miraj amekunja mikono ya dera mpaka kwenye viwiko, na majirani watano wanaimba. Ningesema nini? "Usoni msinisugue"? Wangeuliza kwa nini, na pale hakuna swali linalokufa. Nikasema uso wangu una chunusi. Mama Miraj akasema, "Basi ndiyo dawa yake hii," akanisugua kuanzia puani mpaka kidevuni, duara kwa duara, kama anayeng'arisha sufuria ya sherehe. Nilifumba macho nikijiambia ni dakika chache tu.

Siku ya nne mdomo ukashuka. Nilimpigia Evelyn. Akasema, "Si nilikwambia usisugue?" akakata. Oktoba nilimfuata saluni. Akasema miili mingine ndivyo ilivyo, ningoje. Nilipomuuliza jina la dawa alijifanya ana mteja. Uongo ule ule niliokuandikia wewe mara sita.

Hospitali daktari aliniuliza kama nimedungwa kitu chochote usoni. Fawaz alikuwa amekaa, ameshika mkoba wangu magotini. Nikasema hapana.

Kuhusu singo yako, sikuanza kwa kusema uongo. Fawaz alilinusa kopo, akasema ni hili, nami sikumjibu. Siku iliyofuata ilikuwa vigumu zaidi kumjibu. Baada ya wiki nilikuwa nusu naamini mwenyewe, maana kweli bila kusuguliwa labda nisingepinda. Lakini si singo. Ingekuwa maji matupu ingekuwa vile vile.

Mdogo wangu hayumo katika hili, mtoe kabisa moyoni mwako.

Utauliza nani aliyenituma kwa Evelyn. Siku ya harusi yangu, miaka tisa iliyopita, nilipocheka mbele ya watu ulisema, "Kaka, umeoa mke au umeoa fizi?" Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo mimi ni Mama Fizi katika familia hii, hata watoto wanajua. Fawaz naye aliwahi kuniita hivyo kwenye simu kutoka Doha, kwa mapenzi. Mimi nilicheka nimefunika mdomo kwa mkono. Miaka tisa nacheka nimefunika. Nilitaka akirudi nicheke bila mkono.

Sikuambii hili ili tugawane kosa. Uliniambia nisiruke, sikuruka.

Ruweida

*

Taveta
Jumamosi, 1 Novemba 2025

Ruweida,

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu. Mara ya tatu nilimsomea Rayhana, sehemu ya pazia na sindano tu, hayo mengine ni ya kwetu wawili. Alikuwa anakula mkate. Akauacha. "Mama, kumbe ni sindano? Yeye aliniambia ni matibabu madogo ya urembo, nisimwambie mtu, nije uso mkavu bila poda." Nikamuuliza, na Ijumaa ungesuguliwa uso ukanyamaza? Akajibu, "Ningesema nini, na wote wako pale?" Maneno yako yale yale.

Hatakwenda. Mable amekuja mwenyewe kumweleza. Amesema watu hudungwa dawa hiyo kwa madaktari wanaojulikana na wanaoandika walichodunga, na hata huko mdomo unaweza kukataa. Amesema pia wako unaelekea kurudi polepole, urudi kwa daktari umweleze kweli, ajue anachotazama.

La fizi nalikumbuka. Nilicheka kuliko wote. Nakuomba radhi kwa hilo, na radhi hiyo isiwe malipo ya lile lingine.

Lile lingine liko hivi. Umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua tayari kwamba singo yangu ni safi. Uliyemwacha aamini vingine ni kaka, na ni Mama Miraj. Barua kwangu hairudishii mtu jina. Nenda ukawaambie kwa mdomo huo huo, ukiteleza uteleze. Bado siku sita. Mpaka uwe umefanya hivyo usiniandikie, maana sitajua nikiamini kipi.

Salme

*

Voi
Jumanne, 4 Novemba 2025

Da Salme,

Nimesema.

Nilianza na Fawaz, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nilimwambia kila kitu mpaka kichupa. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja: "Daktari alikuuliza mbele yangu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nimeshika mkoba." Akatoka kwenda msikitini kuswali Adhuhuri ambayo alikuwa ameshaiswali.

Tangu hapo ananiuliza vitu. Hereni hizi ulinunua lini? Ulikuwa unazungumza na nani dukani? Ile picha ya nywele uliyonitumia, ilikuwa ya siku hiyo kweli? Anauliza kwa upole, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Najibu yote. Sijui itachukua muda gani. Ananitazama nikijibu, na mdomo wangu wenyewe unanifanya nionekane nadanganya.

Jana nilikwenda kwa Mama Miraj. Alikuwa anakanda unga wa mahamri. Nilitoa barakoa nikamwambia nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mikono yake yenye unga akaitazama.

"Yaani siku ile nilikuwa nasugua sindano?"

"Ndiyo, mama."

"Ruweida! Mwezi mzima najitazama kwenye kioo kila alfajiri, nangoja wangu nao upinde! Mikono yote miwili naiosha kwa ndimu! Mume wangu akaniuliza nimepata mchumba nini!"

Nikacheka, Da Salme. Nilicheka vibaya, upande mmoja, naye akacheka, tukacheka mpaka akakaa kwenye gunia. Halafu akaacha ghafla. Akasema, "Lakini mimi nimekwenda nyumba kumi na tisa. Nyumba kumi na tisa nimemtangaza mama wa mkwe wangu. Nitarudi nikaseme nini?" Nikamwambia nitakwenda naye. Jana tulikwenda saba. Leo tumekwenda sita. Kwenye nyumba ya tatu kuna mwanamke aliyesema nimelipwa na wewe niseme hivi. Mama Miraj alimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika.

Zimebaki sita. Tunakwenda kesho.

Ruweida

*

Taveta
Alhamisi, 6 Novemba 2025

Ruweida,

Kaka amenipigia. Mara hii alisalimu, akauliza hali ya kila mtu hapa mpaka mbuzi, kisha akaniuliza kama mvua imenyesha. Nikamwambia imenyesha. Akasema, "Alhamdulillahi," akakata. Namjua, hiyo ndiyo radhi yake yote. Mvumilie katika maswali yake. Sisi tumezaliwa hivyo, tukishadanganywa mara moja tunahesabu vidole vya kila anayetusalimu.

Msingaji wa Mombasa ameambiwa asije. Lakini usidhani mambo yamerudi kama yalivyokuwa. Mama Miraj amefika leo asubuhi, na chekecheke yake mwenyewe kwenye mfuko. Alisema, "Dada Salme, si kwamba nina shaka," akavuta kigoda akakaa mbele ya jiwe langu la kusagia. Amenusa karafuu moja moja. Kila ua nililotia aliligeuza kwanza. Miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kukaa hapo. Nilitaka kumwambia ainuke. Nikamwacha, nikasaga.

Kesho baada ya Asri tunaanza. Watakuja wanawake wengi kuliko tulioalika, na hawaji kwa ajili ya Rayhana. Wanakuja kutazama mdomo wako na mikono yangu. Kwa hiyo nimepanga hivi, na Rayhana amekubali: uso wa bibi harusi utausugua wewe. Ukifika, nawa mikono hapo uani, watu wakiona.

Sijafika mahali pa kukuamini, nisikufiche. Mimi nitashika miguu, na nitakuwa nakutazama.

Salme